Mlinganyo usubiri, tuanze na mhogo

Kila mwaka nikisahihisha madaftari ya Kidato cha Pili nakutana na jibu lile lile. Nimeuliza respiresheni ni nini, naandikiwa: ni kitendo cha kuvuta hewa ndani na kuitoa nje. Na huyo huyo, mstari unaofuata, ameandika mlinganyo wote bila kukosea hata tarakimu: glukosi moja, oksijeni sita, hewa ya ukaa sita, maji sita, nishati. Anauimba kama wimbo wa taifa, ila hajui unasema nini.

Zamani nilikuwa nawalaumu wao. Siku hizi najilaumu mwenyewe, na lugha nayo nailaumu kidogo. Kwa Kiswahili cha kila siku tuna neno moja, kupumua, nalo tumelibebesha kazi mbili. Shule ya msingi mtoto amefundishwa mfumo wa upumuaji: pua, koo la hewa, mapafu, mbavu zinapanda, zinashuka. Anafika sekondari, masomo yamegeuka Kiingereza, anakutana na neno jipya la silabi nyingi. Anapekua kichwani mwake, anaambulia kupumua. Sisi nasi tukitaka kumsaidia tunamwambia "huu ni upumuaji wa seli", naye anaiona seli ina pua. Nimewahi kuletewa mchoro wa namna hiyo, seli ina vitundu viwili kwa juu. Sikucheka. Mtoto alichora nilichomfundisha.

Ndiyo maana sasa sianzi na mlinganyo. Naanza na mhogo.

Nafundisha kusini mwa Tanzania, kwenye mihogo. Siku ya kwanza ya mada hii naingia darasani mikono mitupu na kuuliza: kwenu nani wanavundika mihogo? Mikono inanyooka. Kwa nini msiimenye mkachemsha, mkala? Darasa zima linanishangaa, mwalimu gani huyu asiyejua mambo ya kwao. "Ile michungu inaua, mwalimu." Inauaje? Hapo huwa kimya, mpaka mmoja aseme, "Inakata pumzi."

Jibu hilo limekosea, lakini limekosea mahali ninapopataka. Mhogo mchungu ukipondwa au kutafunwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Mtu aliyekula nyingi kwa mara moja, mapafu yake hayajaguswa. Mwanzoni huhema hata kwa kasi kuliko wewe. Hewa inaingia, damu inabeba oksijeni kama kawaida, inaifikisha hadi kwenye seli za ubongo na moyo. Tatizo liko ndani ya seli, kwenye mitokondria, vijisehemu vinavyoipatia seli nishati, ambako sianidi imekalia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) cha mwisho kabisa, kile ambacho kazi yake ni kuipokea oksijeni. Ni kama lori la saruji lililofika dukani likakuta mwenye duka amefunga. Mzigo upo, barabara ni nzima, lakini hakuna anayepakua. Damu inayorudi kwenye moyo, ambayo ilipaswa kuwa nyekundu iliyokoza, inarudi nyekundu ya kung'aa kwa sababu oksijeni yake haikutumika.

Mwaka juzi msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake, aliuliza: "Kwa hiyo anapumua, lakini hapumui?" Nililiandika swali lake ubaoni nikalizungushia duara. Kwangu mimi mada nzima ya respiresheni ni swali hilo. Mapafu ni usafiri tu. Kazi yenyewe, kutoa nishati kwenye chakula, inafanyika kwenye seli, katika kila seli iliyo hai, ya kidole cha mguu na ya jani la mkorosho.

Wakishalipata hilo, jiko la mkaa linaeleweka bila shida. Wote wamesikia habari za watu waliolala na jiko ndani, madirisha yamefungwa, asubuhi wakakutwa wamekufa. Kule duka limefungwa, huku lori limepakiwa mzigo mwingine: monoksidi ya kaboni imeng'ang'ania himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na oksijeni imekosa nafasi. Mwanafunzi anayeweza kunieleza tofauti ya vifo hivi viwili sina haja ya kumpa jaribio la maneno ya kuchagua.

Na mhogo una mengi kuliko hayo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa uliokuwa unawapata watu wa Kwango, Kongo: mtu mzima wa afya, au mtoto, miguu yote miwili inakakamaa ghafla na hairudi tena. Wenyeji waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Kwetu ulionekana wilayani Tarime mwaka 1985. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto, wanaokula mhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, kwa wiki nyingi, na mboga yenye protini hakuna. Wilayani Masasi mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula, watu walidhurika kwa sianidi ya mhogo baada ya kula unga ulioandaliwa kwa haraka. Njaa ikiwa mlangoni, nani atangoja siku kadhaa mihogo ivunde?

Haya hayamo kwenye muhtasari wa somo. Yamo kwenye vijiji vya wanafunzi wangu, na nadhani bibi zao wanaoloweka, wanaovundika na kuanika makopa wanastahili kutajwa kwenye somo la baiolojia kabla ya Hans Krebs. Krebs nampenda, lakini mzunguko wake wa mwaka 1937, ule wa hatua za seli kuvunja chakula, hauna haraka na mtoto wa miaka kumi na tano. Yeye mwenyewe jarida la sayansi la Nature lilimrudishia barua ya ugunduzi huo, na Tuzo ya Nobel akaipata mwaka 1953. Nawaambia hivyo wanaokata tamaa, kisha tunaendelea na mambo yetu.

Jaribio la joto nalo nilianza kulifanya kwa chupa za chai mbili za kuazima. Choroko zilizoloweshwa usiku kucha zikaanza kuchipua, nikazitia chupa ya kwanza. Nyingine nikazichemsha, zikapoa, nikazitia ya pili. Kila chupa ikapata kipimajoto na pamba mdomoni. Vitabu vinasema zilizo hai zitapanda joto, zilizokufa zitabaki pale pale. Siku ya pili ikawa hivyo, nikajisifu. Baada ya wikiendi tulipofungua, choroko zilizochemshwa zilikuwa na joto kuliko zile hai, na harufu yake sitaisahau. "Mwalimu, si umesema zilikufa?" Nilitaka kuficha chupa kabatini.

Bahati nzuri sikuficha. Choroko zilikuwa zimekufa kweli. Waliokuwa hai ni bakteria na ukungu waliokuwa wanazila, nao wana seli, nao wanatoa joto. Tulirudia, mara hii tukiziosha mbegu zote kwa maji yenye dawa kidogo ya kung'arishia nguo, na matokeo yakawa ya kitabuni. Lakini ukiwauliza wanafunzi wale leo wanakumbuka nini, watakutajia chupa iliyonuka. Kijana mmoja aliongeza kwamba gunia la mahindi yasiyokauka ukitia mkono katikati unakuta joto, na baba yake husema mahindi "yanaungua". Kumbe jaribio langu liko ghalani kwao miaka yote.

Neno hilo, kuungua, lina heshima yake. Wanasayansi Wafaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, kwenye baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783 jijini Paris, walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake. Kisha wakachoma mkaa na kulinganisha. Kwa kiasi kile kile cha hewa ya ukaa, joto la mnyama na joto la mkaa vilikaribiana. Wakasema kupumua ni kuungua kwa polepole. Mfano mzuri, ila usiachwe uende peke yake: mkaa hutoa nishati yake yote kama joto, seli huivunja glukosi hatua kwa hatua ili sehemu ya nishati iwekwe akiba kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli.

Mandazi na togwa siviongelei sana, kila mwalimu anavitumia na wanafunzi wanavijua. Namuomba tu mwenzangu asiseme vyote ni "uchachu" akapita. Hamira kwenye unga inatoa hewa ya ukaa na alkoholi, bakteria kwenye togwa wanatoa asidi ya laktiki. Onja, utajua.

Wenzangu ofisini wananiambia mtihani hauulizi mhogo, unauliza mlinganyo, na kama nina bahati mbaya unauliza glukosi moja inatoa ATP ngapi. Ni kweli. Tena jibu linalozoeleka ni 38, hesabu ya zamani, wakati makadirio ya sasa ni kama 30 hadi 32. Nawafundisha wanangu wajue zote mbili na waandike msahihishaji anayotaka. Siyo jambo la kujivunia. Lakini kusema vipindi havitoshi kwa mhogo sikubali, maana vipindi vile vile tunavitumia kunakili nukuu ubaoni.

Na maswali yao hayaji kwenye nukuu. Mwaka huu mmoja aliniuliza: kama sianidi inazima seli, mbona mhogo wenyewe haufi? Tukalimaliza pamoja kipindi kizima. Kumbe ndani ya mhogo ulio mzima hakuna sianidi huru. Malighafi yake imefungiwa kwenye vakuoli, kifuko cha ndani ya seli, kimeng'enya cha kuivunja kimekaa kwenye ukuta wa seli, na viwili hivyo havikutani mpaka jino, mchi au panya avunje seli. Na bibi anapovundika anavikutanisha makusudi, sumu iondoke na maji na hewa kabla mhogo haujaingia chunguni.

Mlinganyo niliuandika Ijumaa. Ulichukua dakika kumi.