Majumba ya Kale ya Katalonia na Sanaa Iliyohifadhiwa Ndani Yake

Katika Katalonia, jimbo la Uhispania, kazi nyingi za sanaa zimehifadhiwa ndani ya majumba ambayo hayakujengwa yawe makumbusho. Je, jambo hilo huinufaisha sanaa au huiumiza? Kwa maoni yangu, jibu linategemea uhusiano uliopo kati ya nyumba na vitu vilivyomo.

Watetezi wa majumba hayo wana hoja nzito katika mji wa Sitges, ulio ufukweni karibu na Barcelona. Huko mchoraji Santiago Rusiñol aliunganisha nyumba za wavuvi zilizokuwa ukingoni mwa bahari, akaziita Cau Ferrat, yaani pango la chuma, kwa kuwa alikuwa mkusanyaji mkubwa wa kazi za wahunzi wa kale. Mwaka 1894 alinunua mjini Paris picha mbili za El Greco, mchoraji wa karne ya 16, moja ya Mtakatifu Petro akilia na nyingine ya Maria Magdalena akitubu, zikaingizwa Sitges kwa maandamano, wakati ambapo El Greco alikuwa bado hajapewa heshima anayopewa leo. Rusiñol alifariki mwaka 1931, akauachia mji nyumba pamoja na vilivyomo, na umma ukafunguliwa milango mwaka 1933. Ukisimama chini, mbele ya ukuta wa buluu iliyokoza uliosheheni vyombo vya udongo, huku dirisha likikuonyesha Mediterania, unaona namna mtu mmoja alivyoipenda sanaa na kuishi nayo. Vyuma vile vile vikipangwa katika ukumbi mweupe wa kisasa vingebaki kuwa vyuma tu.

Hata hivyo, wanaopinga hawasemi ovyo. Hewa ya chumvi iliyo nje ya madirisha hayo ni adui wa chuma, vyumba ni vidogo, na vitu vimebanana hata vingine haviwezi kutazamwa kwa karibu. Cau Ferrat yenyewe ililazimika kufungwa miaka kadhaa kwa ukarabati, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2014. Zaidi ya hayo, nyumba ya kale ni ngazi juu ya ngazi, na kwa asiyeweza kuzipanda uzuri huo wote ni habari ya kusimuliwa.

Jirani yake, nyumba iitwayo Maricel, inaonyesha jinsi uhusiano huo unavyoweza kukatika. Tajiri wa Kimarekani Charles Deering aliijenga kwa ajili ya mkusanyiko wake, kisha akaondoka nao mwaka 1921. Makumbusho yaliyomo leo yamejazwa hazina za watu wengine. Ni nzuri, lakini kuta zake hazisemi lolote kuhusu picha zilizotundikwa juu yake.

Makumbusho ya mchoraji Picasso mjini Barcelona ndiyo kesi ngumu zaidi. Yalianza mwaka 1963 katika kasri moja la enzi za kati, kwenye mtaa mwembamba wa Montcada, na sasa yameenea katika makasri matano. Picasso hakuwahi kuishi humo, lakini bila yeye huenda mawe hayo yasingepata mtunzaji. Hasara inamwangukia mgeni mwenyewe: akiharakisha kuziona kazi 58 za mfululizo wa Las Meninas, ambamo Picasso aliichora upya kwa namna yake picha maarufu ya Velázquez, anavuka ua bila kuitazama ngazi ya mawe iliyo wazi, ambayo wenye kasri waliijenga makusudi ili kila aingiaye aione kwanza.