Tanki la Mwalimu

Kiinua mgongo changu cha ualimu kilipotoka, nilianza kujenga vyumba vitatu vya kupangisha pale Mikanjuni, Tanga, nikaapa kwamba fundi hatanila hata msumari. Saruji nanunua mwenyewe, nahesabu mwenyewe, na ufunguo wa stoo naufunga pindoni mwa kanga. Mfuko mmoja tofali 35. Akinitolea 33, namwuliza mbili zimekwenda wapi. Fundi mwenyewe nilimfundisha darasa la sita. Namba hasi zilimshinda kabisa, nilimchapa mpaka nikachoka mimi. Basi hesabu zote za saiti zilikuwa kwenye daftari langu, yeye kazi yake mwiko.

Kuta zilipofika kozi ya tatu nikapata tanki la lita 2000, bei ya kutupa. Nje lingeibwa, na mlinzi alitaka 5,000 kila usiku. Mlinzi wa nini? Guta likalileta, vijana wanne wakalipitisha juu ya ukuta na kulisimamisha katikati ya chumba cha tatu.

Fundi akakuna kichwa. "Shikamoo Mwalimu."

Tulishaamkiana asubuhi. Nikajua ana neno. "Marahaba. Sema."

"Hili dude litatokea wapi?"

"Litatokea lilikoingilia. Haya, tofali hizo."

Akaenda. Lilikoingilia, wasomaji wangu, ni juu, na juu nikapaezeka bati.

Usiku 30 zikapita bila mlinzi. Nikaandika kwenye daftari: 150,000, faida. Nikapiga mstari mara mbili.

Siku ya kulipandisha tanki kwenye mnara ndipo fundi alipotoa futi yake. Mlango, sentimita 90. Tanki, kipenyo sentimita 126. Alilitamka neno "kipenyo" taratibu, herufi kwa herufi, kama anavyofanya mtu aliyelisubiri miaka.

"Dirisha je?" nikauliza.

Dirisha lilikuwa futi nne kwa futi nne, yaani sentimita 122. Sentimita nne tu! Plastiki si inabonyea? Akaitwa mchomeleaji akakata grili kwa grenda, tanki likalazwa, likapakwa sabuni ya maji, wawili wakasukuma ndani, wawili wakavuta nje. Likaingia vizuri mpaka katikati. Hapo likakwama, halirudi wala haliendi. Nusu chumbani, nusu barabarani, jeusi linang'aa kwa sabuni. Muuza kahawa akaweka birika chini, wenye baiskeli wakashuka. Mzee mmoja akauliza kama nyumba inajifungua. Mwingine akamjibu mtoto katanguliza matako.

Na saa hiyohiyo ndiyo akafika mpangaji wangu wa kwanza, kijana mstaarabu, kodi ya miezi sita iko mfukoni, 70,000 kwa mwezi. Akalitazama tanki, akanitazama mimi, akasema, "Mama, nitarudi." Hajarudi mpaka leo.

Tukabomoa ubavu wa dirisha. Jioni nikakaa juu ya ndoo ya rangi na daftari langu: fundi 30,000, saidia fundi wawili 30,000, mchomeleaji kukata na kuunga 40,000, saruji 17,000. Jumla 117,000. Nikatoa kwenye zile 150,000 za mlinzi.

"Unaona?" nikamwambia fundi. "Bado nina faida ya 33,000."

Alikuwa ananawa mikono. Akaja, akachuchumaa, akaniomba kalamu kwa adabu zote.

"Mpangaji amekimbia, chumba kitakaa mwezi mzima bila mtu, Mwalimu. Toa 70,000."

Akaandika mwenyewe. Alianza na kijistari kidogo, akakikoleza wino mara mbili, ndipo akafuatisha 37,000. Kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili, akasimama kando yangu akisubiri kusahihishiwa.