Sophie Ecclestone, kati ya wiketi na lawama

Juni 2023, Trent Bridge, Nottingham: mechi ya kriketi ya wanawake, aina ya Test inayochezwa siku kadhaa, katika Ashes, ushindani wa Uingereza na Australia. Sophie Ecclestone wa Uingereza, mrushaji wa spini (mpira unaozungushwa ili upinde ukidunda) wa mkono wa kushoto, alirusha ova 46 na mipira 2 katika zamu ya kwanza ya Australia, akachukua wiketi 5, yaani akawatoa wapigaji 5. Zamu ya pili akaitwa tena, zikaongezeka ova 30 na ushei na wiketi 5 nyingine. Ova moja ni mipira 6. Hiyo ni mipira zaidi ya 450 kutoka bega la binti wa miaka 24, ndani ya siku tano. Uingereza ikafungwa vilevile, kwa mikimbio (alama za kriketi) 89, maana Ash Gardner wa Australia, naye wa spini, alijinyakulia wiketi 8 katika zamu ya mwisho.

Wengi wanaobishana kama Ecclestone yuko fiti au la huisahau mechi hiyo. Rekodi yake haina ubishi. Aliingia timu ya taifa mwaka 2016 akiwa na miaka 17. Kombe la Dunia la 2022 aliongoza kwa wiketi 21, zikiwemo 6 za nusu fainali dhidi ya Afrika Kusini. Mei 2024 akawa mwanamke aliyefikisha wiketi 100 za mechi za siku moja haraka kuliko wote.

Ubishi ulianza baada ya Oktoba 2024, Uingereza ilipotolewa na West Indies katika hatua ya makundi ya Kombe la Dunia la T20, mechi fupi za ova 20, huko Dubai, siku ambayo udakaji wao ulikuwa wa kusikitisha. Alex Hartley, bingwa wa dunia wa 2017 na sasa mtangazaji, alisema baadhi ya wachezaji hawako fiti vya kutosha. Hakutaja jina. Januari 2025, kwenye ziara ya Australia, Ecclestone akakataa kuhojiwa naye kwenye televisheni.

Hapo mimi niko upande wa Hartley. Hakuwa mtu wa pembeni: naye alirusha spini kwa mkono wa kushoto, na waliwahi kucheza timu moja kule Lancashire. Wachezaji hawa sasa wanalipwa mishahara, na mashabiki wananunua tiketi. Anayelipwa kwa kazi ya mwili ataulizwa habari za mwili wake, kama wanaume wanavyoulizwa kila wiki. Ziara yenyewe iliisha kwa pointi 16 kwa 0, Australia ikishinda kila mechi. Miezi michache baadaye kocha mpya, Charlotte Edwards, alilipatia suala la ufiti uzito mkubwa. Kumnyima Hartley mahojiano hakukulijibu swali lake.

Ila kuna upande ambao wakosoaji waliupita mbio mno. Wanasema hayuko fiti, lakini hawaulizi nani amechosha mwili huo. Angalia mwaka wake: mapema yupo India na klabu ya UP Warriorz, kisha mechi za taifa, Agosti ni The Hundred, ligi ya Uingereza ya mipira 100 kila timu, halafu mashindano ya dunia au ziara. Agosti 2023 bega lilitoka mahali pake akijiandaa kwa mechi ya The Hundred, akafanyiwa upasuaji. Nahodha akibanwa, mpira anapewa Ecclestone. Kwa miaka mingi jibu la Uingereza limekuwa hilo.

Ndiyo maana lawama za mwaka 2025 sizikubali. Alijiondoa katika mfululizo dhidi ya West Indies, akiuguza goti na akitaka kutuliza akili, lakini akaichezea Lancashire. Wachambuzi wakauliza: inakuwaje awe mzima kwa klabu na mgonjwa kwa taifa? Swali lina mantiki, ila majeruhi hurudi hatua kwa hatua, na mechi ya nyumbani kati ya marafiki si sawa na kubeba jezi ya taifa baada ya kipigo kama kile cha Australia. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikaribia kuiweka kriketi kando. Wiki zile chache pengine ndizo zilizomrudisha.

Oktoba 2025, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Guwahati. Bega lilikuwa limeumia mechi iliyotangulia, akacheza hivyohivyo. Laura Wolvaardt wa Afrika Kusini alipiga mikimbio 169, timu yake ikafikisha 319. Ecclestone aliwaruhusu wapigaji mikimbio 44 tu, akachukua wiketi 4. Uingereza ikafungwa kwa mikimbio 125.

Bodi ya kriketi ya Uingereza inao warushaji wengine wa spini: Charlie Dean, Linsey Smith na Sarah Glenn. Wagawiwe mechi, naye apumzishwe kwa ratiba iliyopangwa mapema, bila kusubiri mpaka aseme amechoka. Akishatendewa hivyo, hatakuwa na sababu ya kukwepa kipaza sauti cha yeyote, hata cha Hartley.