"Mweusi, Lakini": Unasihi wa Rangi Una Kazi Gani Tanga?

Ligusie suala hili barazani Ngamiani, utajibiwa kahawa haijapoa: unasihi, yaani ushauri nasaha, wa kumwezesha mtu kuipenda rangi yake ni dawa ya Wamarekani. Wao wamebaguliwa, sisi hapa weusi watupu, tumbague nani?

Hoja ina uzito. Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1940, waliwaonyesha watoto weusi 253 wanasesere waliotofautiana rangi tu, na thuluthi mbili wakataka kuchezea mweupe. Nchi yao ilikuwa na majimbo yaliyotenga shule kwa sheria. (Ingawa wazee wetu nao wanazikumbuka shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika.)

Basi mkorogo ananunua nani? Zebaki ya baadhi ya krimu hizo huharibu figo, serikali imezipiga marufuku, na bado zinatafutwa. Na tegeni sikio harusini: "Bibi harusi mweusi, lakini mzuri." Hiyo "lakini" ndiyo inayonikera. Asemaye hatukani, anasifu. Binti anaipata kwa shangazi, kwa mashoga zake, kwa mama mzazi siku ya posa, na hana wa kumlaumu kwa sababu kila mmoja amemsifia.

Mnasihi mwenye dodoso lililotafsiriwa atamuuliza kuhusu usingizi na hamu ya kula, atajaza majibu, na "lakini" itampita. Watafiti Griner na Smith walipokusanya tafiti 76 za tiba ya akili iliyolinganishwa na utamaduni wa mgonjwa, mwaka 2006, waliona tiba iliyotolewa kwa lugha ya mgonjwa mwenyewe ilifaa maradufu kuliko ya Kiingereza. Maradufu! Nasi vyuo vikuu vyetu vinafundisha saikolojia kwa Kiingereza, kisha tunashangaa mtu akisema "moyo mzito" hapati wa kumwelewa.

Wala si lazima rangi ya mnasihi na ya anayenasihiwa zilingane. Watafiti Cabral na Smith, 2011, waliona watu hupendelea mno mnasihi wa asili yao, ila nafuu wanayopata karibu ni ileile.

Ninachokubaliana na wapinzani ni hiki: "utamaduni" hugeuzwa kamba ya kumfunga binti, mnasihi akamwambia avumilie, ndivyo tulivyolelewa. Mnasihi huyo bora abaki na dodoso lake. Namtaka yule atakayemwita mama mtu kikaoni, amwombe airudie sifa ile mbele ya mwanawe, safari hii bila "lakini".