Mateka wa Vita vya Ghuba na serikali iliyopinga fidia yao

Januari 1991, katika Vita vya Ghuba vya kuitoa Iraq nchini Kuwait, marubani wa Marekani waliotunguliwa na kutekwa walionyeshwa kwenye televisheni nyuso zikiwa zimevimba, wakisoma maneno waliyolazimishwa kusema dhidi ya nchi yao. Nyuma ya kamera hali ilikuwa mbaya zaidi. Ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani ulieleza jinsi mmoja wao alivyopigwa shoti ya umeme mpaka taya zikabana na vipande vya meno vikavunjika. Wengine walipigwa hadi ngoma za masikio zikapasuka.

Mwaka 2002, 17 kati ya mateka hao, pamoja na ndugu zao 37, waliishtaki Iraq mjini Washington. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la rubani Clifford Acree. Julai 2003 jaji akaamuru walipwe dola milioni 959. Walitegemea fedha za Iraq zilizozuiwa Marekani, takriban dola bilioni 1.7. Lakini wakati huo Saddam Hussein alikuwa ameshang'olewa, na Rais George W. Bush alikuwa ameshazitaifisha fedha hizo ili zitumike kuijenga Iraq. Mawakili wa serikali wakaingia kwenye kesi kuwapinga askari wao wenyewe, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu.

Hoja ya serikali haikuwa nyepesi. Mwananchi wa Basra au Mosul hakumtuma Saddam atese mtu. Yeye mwenyewe aliteswa naye. Iraq tayari ilikuwa inailipa Kuwait na wengine walioathirika na uvamizi wake wa Kuwait wa 1990, fidia iliyofikia dola bilioni 52.4 na kumalizika mwaka 2022 tu. Kama kila mwenye hukumu mkononi angechota chake, maji, umeme na hospitali zingejengwa kwa fedha gani?

Upande wa mateka nao una msingi imara. Ibara ya 131 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 inakataza nchi yoyote kujisamehe, au kuisamehe nchi nyingine, dhima ya makosa makubwa kama kuwatesa mateka. Sheria hiyo inamlinda pia askari atakayekamatwa kesho. Ikulu ya Marekani ilisema hakuna fedha inayoweza kufidia mateso yale. Ni kweli, ila sioni jinsi ukweli huo unavyogeuka kuwa sababu ya kumnyima mtu hata kidogo.

Kwa maoni yangu, serikali ina haki ya kuamua kwamba amani na nchi iliyokuwa adui ina uzito kuliko madai ya raia wake. Ikishaamua hivyo, deni linakuwa lake. Uingereza ililikubali hilo, japo kwa kuchelewa sana: mwaka 2000 iliamua kuwalipa pauni 10,000 kila mmoja waliokuwa mateka wa Japani katika Vita Kuu ya Pili na bado hai, au wajane wao, kwa kuwa mkataba wa amani na Japani wa San Francisco wa 1951 ulikuwa umewafungia mlango wa kuidai Japani. Njia hii ina kasoro: mlipakodi ndiye anayebeba mzigo, mkosaji haguswi. Tena serikali inaweza kubagua. Magurkha wa Nepal, waliopigana na kutekwa chini ya bendera hiyohiyo ya Uingereza, waliachwa nje ya malipo hayo, na mwaka 2002 mahakama ikasema kuwaacha hakukuwa halali.

Marekani haikuiga hata hilo. Na nafasi ilikuwepo: Novemba 2004 ilikuwa mstari wa mbele kuwashawishi wakopeshaji wa Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha nyingine, waifutie Iraq asilimia 80 ya deni lao. Madai ya watu 17 yangeweza kuwekwa kwenye mazungumzo na Baghdad wakati huohuo. Badala yake ilisubiriwa hadi Septemba 2010, Iraq ilipokubali kutoa dola milioni 400 kumaliza madai ya Wamarekani ya enzi za Saddam, ya mateka hao yakiwemo. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu waachiliwe.