Kioo Tunakilinda, Betri Tunaiua

Nenda ukanunue tableti kwenye duka lolote la simu kando ya Digo Road au kule Mwembe Tayari. Kabla hujamaliza kulipa utaulizwa kama wataka kava na protekta, nawe utakubali, maana bei ya kubadilisha kioo kila mtu aijua. Utakayoyakosa ni maswali mengine: utaichaji kwa chaja gani, na mchana itakuwa inakaa wapi? Mimi naamini hayo ndiyo maswali ya kwanza kwa mkaaji wa Mombasa. Tableti nyingi hapa zinauawa na joto na chaja mbovu, na vyote viwili vinaipiga betri.

Betri hizi ni za lithiamu-ayoni, aina iliyoingia sokoni mwaka 1991. Ndani mna tabaka nyembamba zilizobanwa pamoja, zinatenganishwa na utando mwepesi kuliko karatasi, na zimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto upesi. Ya tableti imefungwa kwenye kifuko laini. Joto likizidi, kimiminika kile kinaharibika na kutoa gesi, gesi haina pa kutokea, kifuko kinafura. Watengenezaji wengi huandika kwamba kifaa kitumike pahali penye nyuzi 0 hadi 35. Sasa tazama hali yetu: wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Tumebakishiwa kidogo sana, na kuchaji kwenyewe kunaongeza joto. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani hupita nyuzi 50 ndani. Anayeiacha tableti kwenye dashibodi akaingia Marikiti kununua viungo anaipunguzia betri maisha hata kama akirudi inawaka vizuri.

Majuzi jirani yangu aliniletea tableti ya mwanawe. "Dada, hebu nitazamie. Kioo kinaachana na mwili wake. Nimtume mtoto akanunue gundi?" Alikuwa ameizungushia raba mbili za nywele ili kioo kisibanduke. Ubavuni palikuwa na mwanya unaoweza kuingia kadi ya benki, na ukiiwasha unaona doa jeupe katikati ya kioo, pale betri inaposukuma kutoka chini. Kioo chenyewe hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Protekta ilikuwa nzima, kava jipya. Na mtoto alikuwa akiichaji kila usiku juu ya godoro, chini ya chandarua, kava likiwa limevalishwa.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Betri iliyofura inaweza kuwaka moto, na wengi wetu tunaichukulia kama ubovu wa kawaida tu wa kuvumilia hadi mwisho wa mwezi. Mwaka 2016 Samsung, kampuni yenye maabara na wahandisi wa kila namna, ililazimika kuziondoa sokoni duniani kote simu zake za Galaxy Note7 kwa sababu ya betri zilizokuwa zikishika moto. Sembuse tableti ya bei nafuu iliyolala juu ya godoro la sponji? Sponji huwaka kwa kasi na moshi wake ni sumu. Nyumba zetu za Majengo na Kisauni zimebanana, na madirisha mengi yana vyuma. Nawasihi wazazi wenzangu: tableti isichajiwe kitandani. Iwe mezani au sakafuni kwenye simenti, kava limevuliwa, na iwe wakati ambao kuna mtu yuko macho.

Ukiona mwanya, au mgongo umetuna, izime na usiichaji tena. Usiifinye kioo kirudi, usiitoboe kutoa hewa, wala usiipake gundi. Iweke pahali penye upepo, mbali na nguo na karatasi, kisha umpelekee fundi anayebadilisha betri za tableti. Na betri ile ya zamani isiingie kwenye pipa la taka. Mitaani kwetu taka huchomwa, na watoto hucheza karibu na moto huo.

Nije kwenye chaja. Ukutani mna volti 240, tableti ya kawaida huanza kwa volti 5. Kinachozuia hizo 240 zisimfikie mtoto wako ni kile kichwa cha chaja peke yake. Chaja nzuri ina nafasi ya kutosha na vizuizi ndani yake kati ya upande wa umeme mkubwa na ule mdogo. Chaja bandia hubania hapo ndani, kwa sababu hapaonekani. Kwa hiyo hela uliyotenga ya kava la maua iongeze kwenye chaja. Ishike mkononi: iliyo nyepesi kama kijiti cha kiberiti na plagi zake zinalegea kwenye soketi, mrudishie mwenye duka. Ikiwa inaunguza kiasi kwamba huwezi kuishika, ing'oe. Na stima ikipotea, chomoa chaja usisubiri, maana inaporudi mara nyingi hurudi na kishindo, hasa kwenye zile ekstensheni zinazobeba friji, runinga na pasi kwa pamoja.

Kuhusu kiwango cha chaji, betri hizi hazipendi kukaa asilimia 100 kwa siku nzima wala kushuka hadi 0. Kati ya 20 na 80 inatosha kwa kazi za kila siku. Tableti kadhaa za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80. Utafute kwenye sehemu ya betri uuwashe. Kama utaiweka kabatini likizo nzima, iache nusu.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Tableti ikilowa kwenye feri ya Likoni au ufukweni Bamburi, maji yatakauka lakini chumvi itabaki, na chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuila shaba ya tundu la chaji hadi ifanye kijani. Zima, pangusa, iache ikauke kwenye upepo, usichaji, kisha mwone fundi. Mambo ya kuizika kwenye mchele yaachwe. Mchele hautoi chumvi, na vumbi lake linaingia kwenye matundu. Kioo kisafishwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Jiki kamwe.

Tangu serikali ianze kupeleka tableti katika shule za msingi mwaka 2016, kifaa hiki kimezoeleka mikononi mwa watoto wadogo, na familia nyingi hununua za mtumba. Hapo nina ushauri mmoja. Usianze na kioo. Ilaze kifudifudi juu ya meza ya kioo dukani, kisha ugonge pembe zake kwa kidole. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, betri imeanza kufura au mwili umepinda. Pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote. Halafu omba ichajiwe robo saa ukiwa umesimama hapo, na uishike mgongoni. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili.