Daraja la Ipogolo na mji uliobaki kilimani

Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Dar es Salaam anaweza kupita Iringa bila kuuona mji wenyewe. Basi hufika Ipogolo, huvuka Mto Ruaha Mdogo darajani, hupita chini ya kilima na kuendelea kuelekea Ilula na mlima wa Kitonga, huku mitaa ya mji kama Miyomboni, Gangilonga na Kihesa ikibaki juu, mbali na macho ya aliye safarini. Wapo wakazi wanaoamini kwamba mpangilio huo umeukosesha mji mapato ya miaka hamsini, na wapo wanaoamini kwamba ndio uliouokoa. Mimi nipo karibu zaidi na hawa wa pili, lakini hoja za wale wa kwanza zina uzito kuliko zinavyopewa, na historia ya kivuko hicho inaonyesha kwa nini.

Kabla ya kilima palikuwa na mto. Kalenga, makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilijengwa kando ya Ruaha Mdogo huu huu, upande wa chini wa mkondo, mahali penye maji, mashamba na malisho. Ngome hiyo ilipoangushwa na jeshi la Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kulishinda jeshi la kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo, watawala wapya hawakutaka kukaa bondeni. Waliweka kituo chao juu ya kilima, mahali ambapo askari angeweza kuona mbali na adui angelazimika kupanda. Mji tunaouita Iringa leo ulizaliwa na uamuzi huo wa kijeshi. Haukuchaguliwa kwa ajili ya biashara wala kwa urahisi wa njia, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila tunapolaumu barabara kwa kuukwepa mji, kwa sababu mji ndio ulioanza kuukwepa mto.

Katika enzi ya Waingereza kivuko cha Ruaha Mdogo kilikuwa sehemu ya njia iliyotoka kusini kwenda kaskazini: Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, hadi Arusha na Kenya. Aliyetoka Mbeya alivuka mto, akapanda kilima, akapita mjini na kushuka upande wa pili kuelekea Mtera, ambako alilazimika kuuvuka Ruaha Mkuu. Kwa njia hiyo Iringa ilikuwa kituo ambacho hapakuwa na namna ya kukiruka. Hoteli, maduka ya jumla na gereji zake zilitegemea ukweli huo mmoja, kwamba kila aliyevuka mto chini alipaswa kupita juu.

Mambo yaligeuka tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru wao. Zambia, ambayo shaba na mafuta yake yalitegemea njia za kusini, ilihitaji bandari ya Dar es Salaam kwa haraka, na malori yalianza kusafirisha mafuta katika barabara ya vumbi na matope ambayo haikujengwa kwa mzigo wa namna hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA, linalounganisha Tanzania na Zambia, lilikamilika mwaka 1968, na barabara ya lami iliyojulikana kama TANZAM, ambayo sehemu yake kubwa iligharimiwa kwa msaada na mikopo kutoka nje, ikiwemo Marekani, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wahandisi wa barabara hiyo walikuwa na swali moja la msingi, nalo ni namna ya kulifikisha lori lenye shehena Zambia kwa miteremko michache iwezekanavyo. Kitonga hawakuweza kuikwepa. Kilima cha Iringa waliweza, nao wakakikwepa. Tangu hapo mhimili wa usafiri ukawa wa mashariki na magharibi, na daraja la bondeni likawa na maana mpya: lilikuwa mlango wa mji, likawa njia ya kupitia kando ya mji.

Malalamiko ya wafanyabiashara yanaanzia hapa, na hayapaswi kupuuzwa. Reli ya TAZARA, yaani ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, haikufika Iringa kabisa. Ilipita bonde la Kilombero na kupanda hadi Makambako. Mji ulikosa reli, na katika muongo huohuo barabara kuu ikapita chini yake. Njia ya kwenda Dodoma, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa bado ikipita katikati ya mji, ilibaki ya vumbi kwa miongo kadhaa. Dereva na utingo wake walikula na kulala Mafinga, Makambako au Ruaha Mbuyuni, na fedha za chakula, vipuri na malazi zilibaki huko. Mji mdogo kama Makambako ulikua kwa kasi kwa sababu barabara na reli vinakutana hapo. Anayesema kwamba Iringa ilipoteza kitu hajakosea.

Hata hivyo, hoja hiyo hudhoofika inapopimwa na Mbeya, ambako barabara hiyohiyo ilikuja kuwa uti wa mgongo wa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya na 151,345 katika Manispaa ya Iringa. Ile ya mwaka 2022 iliikuta Mbeya ikiwa na zaidi ya 540,000 na Iringa ikiwa na takriban 202,000. Mbeya ilikua kwa karibu asilimia 40 na Iringa kwa takriban theluthi moja. Tofauti ipo, lakini si tofauti ya mji uliofunguliwa mlango na mji uliofungiwa, hasa tukikumbuka kwamba Mbeya ina TAZARA, ipo karibu na mipaka ya Zambia na Malawi, na ina mazao ya Rungwe, Mbarali na Chunya nyuma yake. Barabara peke yake haielezi kiasi kikubwa hivyo.

Gharama ambayo Mbeya imelipa nayo inaonekana kwa macho. Kuanzia Uyole hadi Mbalizi, malori ya kimataifa, daladala, bajaji, bodaboda na wanafunzi wanaotembea kwa miguu wametumia njia moja kwa miaka mingi, na mteremko wa Iwambi umeua watu wengi kiasi kwamba jina lake hutajwa kwa hofu. Upanuzi wa kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, unaolenga kuipa barabara hiyo njia nne, umelazimu kuingia katika eneo lililokwisha kujaa majengo na biashara. Iringa haikuhitaji kulipa gharama ya namna hiyo mjini. Mama anayeuza mboga Miyomboni hajawahi kulazimika kuweka meza yake hatua chache kutoka kwenye tenki la mafuta linaloelekea Lubumbashi, na kwangu faida hiyo ni kubwa kuliko vyumba vya wageni ambavyo havikujengwa.

Lakini faida hiyo haikuwa ya kudumu, na hapa ndipo nadhani pande zote mbili zimechelewa kuangalia. Mwezi Aprili 2018 Rais John Magufuli alizindua barabara ya lami ya Iringa hadi Dodoma, muda mfupi baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma kwa dhati. Njia ya zamani ya kusini na kaskazini imefufuka. Mtera, ambako msafiri sasa huvuka juu ya ukuta wa bwawa la umeme, pamekuwa pia kiungo cha nyanda za juu na makao makuu ya nchi. Lori la mbao kutoka Mafinga au la viazi kutoka Njombe linaloelekea Dodoma linavuka Ruaha Mdogo, linapanda mlima wa Ipogolo kwa gia nzito na kupenya mjini kabla ya kushika njia ya Nduli. Mji ambao kwa miongo kadhaa ulilindwa na kilima chake umeanza kupokea mzigo ambao mitaa yake haikupimwa kuubeba, na ndiyo maana barabara ya mchepuko kutoka Igumbilo kwenda Kihesa inahitajika. Wanaoipinga kwa hoja kwamba italiua soko la mjini wanarudia hoja ya miaka ya 1970. Jibu lake ni lilelile: lori linalopita halinunui kitu, linasimama tu pale lilipoandaliwa mahali pa kusimama.

Wakati huohuo, mji wenyewe umeanza kushuka. Stendi kuu ya mabasi imehamishiwa Igumbilo, na nyumba, karakana na vibanda vimeongezeka bondeni pande zote za mto. Kwa kiasi fulani hilo ni jibu la haki kwa malalamiko ya zamani, kwa kuwa biashara imeifuata barabara badala ya kuisubiri ipande. Hata hivyo, bonde hili si sawa na eneo jingine lolote la kupanulia mji. Maji ya bomba ya Iringa yanatoka Ruaha Mdogo, na mto huohuo unapokea mifereji ya karakana, oili inayomwagwa ardhini na taka za vibanda, kisha unakwenda Kalenga na mwishowe kumwaga maji yake katika Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa katika sehemu zake za juu wakati wa kiangazi.

Kwa sababu hiyo naona kwamba swali la kama daraja liliutendea mji haki linapaswa kuachia nafasi swali la nini kiruhusiwe kujengwa karibu nalo. Maegesho ya malori yanaweza kuwekwa mbali na kingo za mto na yakaleta mapato yaleyale. Karakana zinaweza kutakiwa kuwa na mashimo ya kuchujia oili kabla ya kupewa leseni. Na magari yanayobeba mafuta na kemikali yanahitaji mpango wa dharura pale penye daraja, kwa kuwa tenki moja likipinduka mtoni, maji ya kunywa ya mji mzima yatakuwa hatarini ndani ya muda mfupi.